Wenye Samaki wa Mweru

Ziwa Mweru, lenye ukubwa wa kilometa za mraba zinazokaribia 5,000, limekatwa na mpaka wa Zambia na Kongo. Mto Luapula huingia kusini, na Luvua hutoka kaskazini karibu na Pweto. Miji ya Nchelenge na Kashikishi, kwenye ufuo wa mashariki, inaishi kwa samaki, na umiliki wa biashara hiyo umehama mikono mara kadhaa.

Masimulizi ya Luapula humtaja Nachituti, dada wa Nkuba, mtawala wa Washila waliokuwa wavuvi wa ziwa. Nkuba alimuua mwana wa Nachituti, naye Nachituti akamwomba mtawala mwingine, Mwata Kazembe, amlipizie kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti alimkabidhi Kazembe nchi na maji yake. Kwa masimulizi hayo utawala wa Kazembe ulipata haki juu ya maji. Hata hivyo koo za wenyeji hazikunyang'anywa kila kitu: wakuu wao walibaki wenye vidimbwi na mikono ya mto, wakifanya matambiko na kupokea fungu la samaki.

Mwaka 1894 Waingereza na Wabelgiji walikubaliana mpaka, na mwaka 1899 majeshi ya Uingereza yaliuchoma mji wa Kazembe. Lakini kilichopunguza nguvu za wenye maji zaidi kuliko bunduki ni migodi ya shaba ya Katanga, jimbo la Kongo. Kampuni ya migodi hiyo, Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilikuwa na maelfu ya vibarua wa kulishwa. Wafanyabiashara wa Kigiriki walijenga kituo Kasenga, upande wa Kongo, wakiwa na mashua za injini, barafu na malori ya kupeleka samaki Elisabethville, mji wa migodi. Waliwakopesha wavuvi nyavu, kisha wakanunua samaki wao. Ziwa halikuwa mali ya Wagiriki, lakini njia ya kwenda sokoni ilikuwa yao, na hiyo ndiyo iliyokuwa na thamani.

Samaki aliyelipa gharama ya ukuaji huo ni mpumbu. Msimu wa mvua alipanda Luapula kwa makundi kutaga mayai, na hapo ndipo alipotegwa kwa wingi. Mwishoni mwa miaka ya 1940 uvuvi wake uliporomoka. Hasara hiyo ilikuwa kubwa, kwani mpumbu alikuwa chakula na fedha kwa pamoja. Nyavu za nailoni zilizoenea miaka ya 1950 zilihamishia shinikizo kwa pale, samaki wa jamii ya sato.

Uhuru wa Kongo mwaka 1960, kujitenga kwa Katanga, na agizo la Rais Mobutu la mwaka 1973 la kutaifisha biashara za wageni vilivunja himaya ya Kasenga. Walanguzi wa Kizambia walizidi kununua samaki Nchelenge na Kashikishi na kuwasafirisha hadi Ukanda wa Shaba wa Zambia.

Samaki wakubwa walipopungua, miaka ya 1970 na hasa 1980 ilileta chisense, samaki mdogo afananaye na dagaa. Huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa juani na kuuzwa kwa magunia. Kwa kuwa mtaji wa kuanzia ni mdogo, wanawake wengi waliingia: kwanza kama wachuuzi, kisha baadhi wakamiliki nyavu na mitumbwi na kuajiri wanaume wa kuvua. Hayo ndiyo mabadiliko makubwa zaidi tangu enzi za Wagiriki.

Kwa wanawake, mirathi ilikuwa kikwazo. Koo za Luapula hufuata ukoo wa mama, hivyo mvuvi akifa ndugu zake waliweza kudai nyavu na mitumbwi, mjane akabaki mikono mitupu. Sheria ya mirathi ya Zambia ya mwaka 1989 iliwapa watoto asilimia 50 ya mali ya marehemu asiyeacha wosia, mjane 20, wazazi 20 na wategemezi wengine 10. Kwa maandishi, tangu hapo chombo cha uvuvi ni mali ya familia ya aliyekinunua kabla ya kuwa ya ukoo.