Kirusi kibebaji na kinga ya seli

Katika somo la magonjwa, vekta ni kiumbe kama mbu anayeeneza malaria. Ukimwambia mtu kwamba chanjo yake ni ya "vekta", ana haki kabisa ya kuogopa. Kwa hiyo nashikilia istilahi "kirusi kibebaji", kwa sababu inataja kazi yenyewe, nayo ni kubeba jeni hadi ndani ya seli.

Ervebo, chanjo ya Ebola, walipewa zaidi ya watu 300,000 katika mlipuko wa 2018 hadi 2020 mashariki mwa Kongo. Kibebaji chake ni kirusi kinachosumbua ng'ombe, farasi na nguruwe. Wataalamu walikiondolea jeni ya protini ya ganda lake, wakaweka mahali pake ile ya Ebola. Jeni hiyo moja haiwezi kuunda Ebola, na hili mchanjwa aambiwe waziwazi kabla hajakunja mkono wa shati. Kibebaji hiki huzaliana mwilini kwa muda mfupi. Kile cha chanjo ya UVIKO-19 ya AstraZeneca, adenovirusi ya sokwe, kilinyimwa uwezo huo: huingia katika seli, hukabidhi jeni, basi.

Kinachofuata ndicho kinachonivutia zaidi. Seli iliyopokea jeni hutengeneza protini ngeni yenyewe, kisha huonesha vipande vyake juu ya utando wake. Seli za kinga ziitwazo seli T huvitambua. Baadhi yake hujifunza kuua seli yoyote yenye alama hiyo, nyingine husaidia utengenezaji wa kingamwili. Kingamwili humnasa adui akiwa bado nje. Akishajificha ndani ya seli, wa kumfuata ni seli T. Hiyo ndiyo kinga ya seli, yaani kinga inayotendwa na seli, wala si ya kuzilinda seli peke yake.

Baadhi ya seli T hubaki kama seli za kumbukumbu. Watu waliougua SARS mwaka 2003 walikutwa nazo miaka 17 baadaye, ingawa wao walizipata kwa kuugua, si kwa kuchanjwa. Hata hivyo, ningeandika "kinga ya muda mrefu", kamwe si "ya kudumu": seli hizo hupungua, na urefu wa kinga hutofautiana kati ya chanjo na chanjo.

Mwili hujifunza kukitambua kibebaji pia, ukaweza kukishambulia kabla hakijakabidhi jeni. Ndiyo sababu chanjo nyingine ya Ebola, iliyoanza kutolewa Goma mwaka 2019, ina dozi mbili zenye vibebaji tofauti: kwanza adenovirusi, kisha, baada ya siku 56, kirusi cha jamii ya ndui kilichodhoofishwa.