Ngoma za Wapueblo katika Rangi za Maji

Uchoraji wa wachezaji ngoma kwa rangi za maji ulishika kasi miongoni mwa Wapueblo, wakazi wa asili wa kusini magharibi mwa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Kitovu chake kilikuwa San Ildefonso, kijiji cha nyumba za udongo karibu na mto Rio Grande, kaskazini mwa Santa Fe, New Mexico. Kigeni kilikuwa karatasi na rangi za dukani, si kuchora. Kwa karne nyingi kabla ya hapo, kuta za kiva, yaani vyumba vya ibada ambavyo mara nyingi huchimbwa chini ya ardhi, zilipakwa picha za watu waliovalia mavazi ya ibada, na vyungu vilinakshiwa mawingu, mvua na ndege.

Katika shule ndogo ya San Ildefonso, mwalimu Esther Hoyt aliwapa watoto rangi akawaacha wachore ngoma za kijijini kwao. Mmoja wa watoto hao alikuwa Tonita Peña. Watu wazima nao walichora. Mwaka 1917 Edgar Lee Hewett, mkurugenzi wa Jumba la Makumbusho la New Mexico, alimwagiza Crescencio Martinez, aliyewahi kuwa kibarua katika uchimbuaji wa mambo ya kale, achore ngoma za kijiji chake za kiangazi na za kipupwe. Martinez alifariki mwaka 1918 kabla ya kumaliza. Mpwa wake, Awa Tsireh, ambaye mkono wake ulikuwa umezoea kunakshi vyungu, akawa mchoraji mashuhuri kuliko wote wa kijiji hicho.

Picha zenyewe ni za kutazamwa kwa utulivu. Mchezaji wa ngoma ya mahindi amevaa shuka fupi nyeupe ya pamba iliyotariziwa ukingoni, masombo yenye nyuzi ndefu zinazoning'inia kama mvua, na ngozi ya mbweha mgongoni, mkia ukikaribia kugusa chini. Mkono mmoja una manyanga, mwingine matawi mabichi ya msonobari. Mwanamke aliye nyuma yake ana kichwani tablita, ubao mwembamba uliokatwa ngazi ngazi kwa umbo la mawingu. Kila uzi na kila unyoya umechorwa kwa makini. Lakini hakuna nyumba, hakuna mlima, hakuna kivuli, wala mstari wa ardhi chini ya miguu. Ngoma imeachwa peke yake juu ya karatasi tupu. Wako waliouona utupu huo kama upungufu wa ujuzi, na hapo walikosea sana: asiye na pa kutazama pengine hulazimika kuitazama ngoma.

Peña alihamia kijiji cha Cochiti akiwa bado mtoto, baada ya mama yake kufariki, akalelewa na shangazi mfinyanzi. Aliingia katika fani ambayo karibu yote ilikuwa mikononi mwa wanaume, na wanawake aliowachora wamo ndani ya mwendo wa ngoma.

Miaka hiyo ilikuwa migumu kwa ngoma. Kanuni za serikali za mwaka 1883 zilikuwa zimezihesabu baadhi ya ngoma kuwa makosa ya kuadhibiwa. Charles Burke, kamishna wa serikali wa masuala ya Wahindi, alitoa waraka dhidi ya ngoma mwaka 1921, na nyongeza ya mwaka 1923 ilipendekeza hata kwamba wenye umri chini ya miaka 50 wasishiriki wala kuhudhuria. Katika shule ya bweni ya Santa Fe, Fred Kabotie, kijana wa Kihopi kutoka Arizona, alichora katsina, roho waletao mvua, kwa kuwa aliwakumbuka nyumbani. Elizabeth DeHuff, mke wa mkuu wa shule, ndiye aliyemkaribisha nyumbani kwake achore pamoja na Otis Polelonema na Velino Shije Herrera. Hata hivyo, picha hizi zilikuwa zikipendwa na wanunuzi katika miaka ileile ambayo ngoma zenyewe zilikuwa zikibanwa. Mwaka 1934 ndipo serikali, chini ya kamishna John Collier, iliamuru dini za wenyeji zisiingiliwe tena.

Si kila ngoma iliyoruhusiwa kuchorwa. Vijiji vingi vya Rio Grande huficha ngoma za vinyago machoni pa wageni, na wachoraji wa vijiji hivyo kwa kawaida walibaki na zile zinazochezwa uwanjani hadharani.

Mwaka 1932 Dorothy Dunn alianzisha darasa la uchoraji katika shule hiyohiyo ya Santa Fe, na mtindo wa umbo bapa na karatasi tupu ukaenea kwa vijana wa makabila mengine. Alipoondoka mwaka 1937, alirithiwa na mwanafunzi wake wa zamani, Geronima Cruz Montoya wa Ohkay Owingeh, aliyefundisha hadi mwaka 1962, pale Taasisi ya Sanaa za Wahindi wa Marekani ilipochukua majengo na kufungua mlango kwa mitindo mingine.