Vita Kuu Yafika Ziwa Nyasa, 1914–1916

Mwaka 1914 Ikolo na Kyela yote, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, ilikuwa chini ya Wajerumani. Ng'ambo ya Mto Songwe walitawala Waingereza. Vita vilivyoanza Ulaya vilifika upesi. Tarehe 13 Agosti, meli ya Kiingereza Gwendolen iliipiga kwa mzinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu huko Liuli kwa matengenezo. Nahodha wa meli hiyo ya Kijerumani, Berndt, ambaye hakuwa na habari za vita, alitekwa. Tarehe 9 Septemba, Wajerumani waliokwisha kuvuka Songwe walipigana na Waingereza huko Karonga.

Ureno, mtawala wa Msumbiji, haikuwa vitani. Hata hivyo, Agosti hiyohiyo Wajerumani walishambulia kituo chake cha Maziúa, kando ya Mto Ruvuma. Februari 1916 Ureno ilikamata meli za Kijerumani zilizokuwa bandarini mwake. Tarehe 9 Machi Ujerumani ikaitangazia vita.

Mei 1916, jeshi la Waingereza lililoongozwa na Northey lilivuka mpaka na kuwaondoa Wajerumani katika eneo la Kyela. Wenyeji wa pande zote hawakuulizwa. Walitwishwa chakula na risasi, na maelfu ya wapagazi walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Tuwakumbuke kwa heshima.