Nduguye nyangumi yuko Karungu

Ziwa Victoria halina nyangumi wala pomboo. Lakini mvuvi wa Karungu kule Migori, au wa Mbita katika Homa Bay, humsikia karibu kila usiku ndugu yao wa karibu kuliko wanyama wote wa nchi kavu walio hai: kiboko, rao wa Waluo.

Wataalamu walichelewa kuujua undugu huo. Kwa miaka mingi walimweka kiboko pamoja na nguruwe, wakitazama meno na umbo. Vinasaba ndivyo vilivyowasuta: mwaka 1999 kundi la Mjapani Norihiro Okada lilionyesha kwamba kiboko na nyangumi ni wa ukoo mmoja.

Upande wa sauti, nyangumi alitangulia kupata sifa. Santuri ya nyimbo za nyangumi wa nundu ilitoka mwaka 1970, na mwaka uliofuata Roger Payne na Scott McVay wakaeleza kisayansi jinsi anavyoimba. Kiboko alionekana mkoromaji tu. Hatimaye Mmarekani William Barklow alizamisha maikrofoni majini nchini Tanzania, na mwaka 2004 akachapisha aliyoyasikia. Kiboko hutoa macho na pua juu, koo likabaki ndani ya maji. Akiguta, sauti moja hupita puani ikaenda hewani, nyingine hupenya mafuta ya koo ikasafiri majini, ambako sauti huenda kasi zaidi ya mara nne. Wenzake waliozama huipata kabla ya walio ufukweni.

Wakazi wa kale wa Rasi ya Homa, nadhani, walimjali zaidi kwa nyama. Huko Nyayanga, timu ya Thomas Plummer ilifukua mifupa ya viboko yenye alama za kukatwa, pamoja na zana za mawe za kati ya miaka milioni 2.6 na milioni 3. Matokeo yalitangazwa Februari 2023.

Kwa mvuvi wa leo, kazi ya Barklow ina maana ya moja kwa moja. Kiboko mmoja akiguta juu ya maji, walio chini nao wamesikia, na wanaweza kujibu bila wewe kuona hata sikio. Kwa hiyo ndugu yangu wa Muhuru, usihesabu vichwa vinavyoonekana tu. Geuza mtumbwi mapema, umpishe.