Kutazama ndege kwenye mito ya Turkana jua linapopunga

PWANI ya Kenya, anayekwenda kutazama ndege kwenye mlango wa Mto Sabaki, karibu na Malindi, hupanga safari yake kwa kufuata kupwa na kujaa kwa bahari. Maji yakipwa, matope hubaki wazi na ndege wenye midomo mirefu huteremka kula. Katika eneo la Lopur na Kakuma, kaunti ya Turkana, hakuna bahari wala bamvua. Hata hivyo, mito ya huko nayo ina kujaa na kukauka kwake, na asiyeijua tabia hiyo anaweza kupoteza maisha.

Tarach, unaopita Kakuma, ni mto wa msimu. Kwa muda mrefu wa mwaka huwa mchanga mtupu, lakini mvua kubwa ikinyesha mbali kwenye vilima, maji hufika kwa ghafla hata kama Kakuma hakuna wingu. Kwa hivyo mtembezi hufuata ukingo, si mkondo mkavu. Turkwel, unaopita Lodwar, una tabia nyingine. Huanzia Mlima Elgon, ambako huitwa Suam, na tangu mwaka 1991 maji yake yamedhibitiwa na bwawa la umeme lenye ukuta wa mita 153.

Katika mito yote miwili, ndege hufuata miti kuliko maji. Migunga, ambayo Waturkana huiita ewoi, huzamisha mizizi hadi kwenye unyevu ulio chini ya mchanga na kubaki na majani wakati nyika imekauka.

Matembezi huanza mwendo wa saa kumi alasiri. Kabla ya hapo ndege hujificha vivulini na kunyamaza, na binadamu mwenye busara hufanya vivyo hivyo. Anayesikika kwanza aghalabu ni gowee mwenye tumbo jeupe, ambaye sauti yake hufanana na ya kondoo kiasi cha kumhadaa mgeni. Kwenzi huokota wadudu ardhini, nao kuzumburu hupita makundi makundi wakiburuta mikia yao mirefu. Katika miezi ya mwisho na ya mwanzo wa mwaka huonekana pia kambu wa Uhabeshi, mwenye rangi ya samawati na manyoya mawili marefu mkiani. Ni vigumu kumkosea.

Anayestahili kutazamwa kwa utulivu zaidi ni hondohondo. Jike huingia katika tundu la mti, akaziba mlango kwa udongo na kinyesi na kuacha upenyo mwembamba tu, ambamo dume humlisha yeye na makinda. Ndege huyu hawezi kuchimba tundu lake mwenyewe. Anahitaji mti mzee wenye uwazi, na mti wa namna hiyo hauoti kwa mwaka mmoja wala kumi.

Hapo ndipo penye wasiwasi. Kwa desturi ya Waturkana, sehemu za miti ya kandokando ya mto, ziitwazo ekwar, humilikiwa na familia, ambazo hulisha mbuzi maganda ya migunga wakati wa kiangazi na kumzuia mgeni asikate. Lakini Kakuma ilipanuka baada ya kambi ya wakimbizi kufunguliwa mwaka 1992, na mahitaji ya kuni na makaa yakapanda. Aidha, mathenge, mti wa kigeni uliopandwa Turkana miaka ya 1980 ili kuzuia jangwa, umefunga kingo nyingi kwa vichaka vya miiba. Una kivuli na kuni, lakini haumpi hondohondo tundu.

Jua likishazama, firigogo, ndege wa jangwani wanaofanana na njiwa, huja kunywa kwenye madimbwi yaliyosalia. Madume wa jamii hii hulowesha manyoya ya tumbo na kuwapelekea makinda maji. Mtazamaji akae mbali na dimbwi, kwani wakishtuka huruka bila kunywa.