Mnacheza Vita Kila Wikendi, Basi Andikeni

Hii post ni ya wale wachache wetu ambao wikendi hatuendi kuangalia mpira. Tunatandaza ramani mezani na kuanza kusukuma majeshi. Mnajijua. Na leo nina maneno na nyinyi, kwa sababu mnacheza sana lakini kuandika hamuandiki.

Kwa wageni, historia kidogo. Maofisa wa Prussia walikuwa wakijifunza vita juu ya meza tangu karne ya 19. Ule mchezo wa kununua dukani ukaletwa na Charles S. Roberts, Mmarekani, alipotoa Tactics mwaka 1954, halafu kampuni yake, Avalon Hill, ikatoa Gettysburg mwaka 1958. Mwaka 1964 ikaja Afrika Korps. Usichangamke, hiyo ni Libya na Misri. Sisi hatumo.

Na vita vilipita huku kwetu! Mimi niko Leparua, na barabara ya kutoka Isiolo kwenda Marsabit na Moyale, karibu kilomita 500, si mbali na mimi. Julai 1940 Waitaliano waliizingira Moyale mpaka askari wa King's African Rifles wakatoroka usiku. Tarehe 16 Desemba, Waafrika Kusini na wanajeshi wa Gold Coast wakashambulia El Wak. Mapema 1941 Jenerali Alan Cunningham akavuka mpaka: Kismayu tarehe 14 Februari, Mogadishu tarehe 25, na Addis Ababa tarehe 6 Aprili. Walioingia Mogadishu kwanza walikuwa Wanigeria. Wangapi hapa mlijua hiyo?

Nimeichora hiyo kampeni kwa katoni, vyumba vya pembe sita kama sega la asali, na vifuniko vya soda ndio vikosi. Raundi moja niliicheza makusudi bila sheria ya maji. Cunningham alifika Mto Juba kama mtu anayeenda sokoni. Nikarudisha sheria: kikosi kikikaa mbali na kisima, kinapungua nguvu. Sasa mchezo ukawa mgumu, na ndipo nikaelewa kwa nini wahandisi wa Afrika Kusini walikuwa wakichimba visima kaskazini huku. Kitabu kinakuambia jeshi lilisonga mbele. Ubao unakuuliza: lilikunywa wapi?

Mzee mmoja mfugaji akasimama, akaitazama ramani yangu kwa muda, akauliza, "Na mifugo iko wapi?" Manze, sikuwa na jibu. Kisima kile kile kilichonywesha lori kilikuwa kinanyweshwa ng'ombe na ngamia wa watu. Hakuna kifuniko cha soda cha hao. Swali hilo ni la kuandikwa, na halitoki Marekani.

Ndiyo maana nasema andikeni. Sitaki kujua nani alishinda. Niambie pale ulipokwama, uliamua nini, na sheria za mchezo zilidanganya wapi ukilinganisha na yaliyotokea. Andika kwa Kiswahili cha kawaida, hata ukurasa mmoja. Watu wa bao wana msamiati wao, namua, mtaji, na mtu akisimulia mchezo wa jana unauona. Sisi wa ramani bado tunasema "nilimchapa" basi.

Kuna vita kimoja ambacho wengine mnataka kukigeuza mchezo: vita vya Shifta, 1963 hadi 1967. Hapo nawaomba polepole. Katika kaunti hii watu waliwekwa kambini, Garba Tulla na Merti, na mifugo ikaisha. Wapo waliokuwa watoto wakati huo na bado wako hai. Ukichora ubao wenye vipande viwili tu, serikali na shifta, umewafuta wote waliokuwa katikati. Sisemi usiguse. Nasema keti na hao wazee kwanza, andika, halafu ndio uchukue mkasi na katoni. Wakiondoka kabla hujaandika, utabaki na ripoti za serikali peke yake, na hizo hazikuhesabu mbuzi wa mtu.

Mimi naanza na Moyale, Julai 1940, upande wa waliozingirwa. Wiki ijayo naweka hapa kila zamu, pamoja na ule usiku wa kutoroka. Anayetaka El Wak aseme kwenye komenti, nimtumie ramani.