Rangi ya Nzige na Ulinzi wa Bonde la Rukwa: Nafasi ya Nadharia ya Hali Mbili katika Historia ya Nyanda za Juu Kusini

Kati ya mwaka 1930 na 1944, nzige wekundu walienea katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa Ikweta. Wakulima wa mahindi, ulezi na mtama wa Mbeya na Iringa waliishi karibu na moja ya machimbuko ya baa hilo, yaani Bonde la Rukwa. Insha hii inajadili jinsi rangi ya mdudu ilivyobadili namna ya kumdhibiti.

Kabla ya mwaka 1921, wataalamu walimhesabu nzige wa makundi na panzi anayeishi peke yake kuwa wadudu wa aina mbili. Mwaka huo Boris Uvarov, aliyekuwa akifanya kazi London, alichapisha hoja kuwa nzige wahamao na panzi waliodhaniwa kuwa aina nyingine walikuwa mdudu mmoja mwenye hali mbili. Nzige wekundu wana tabia hiyo hiyo. Tunutu aliyekulia peke yake huwa wa kijani, akifanana na nyasi. Wenzake waliosongamana huwa na rangi ya manjano au nyekundu yenye mabaka meusi. Kwa hiyo swali la kihistoria lilibadilika. Badala ya kuuliza makundi yametoka nchi gani, ikaulizwa ni wapi panzi wapweke husongamana.

Uchunguzi wa miaka ya 1930 ulielekeza kwenye mbuga za Rukwa na Mweru wa Ntipa. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yake hupanda na kushuka, na nyasi za kandokando hufunikwa, huota upya na kuungua moto. Uzazi wa nzige hufuata majira hayo. Huzaliana mara moja kwa mwaka: hutaga mvua zinapoanza, watoto hukomaa kimwili kabla ya kiangazi, kisha hukaa miezi mingi bila kutaga. Ratiba hiyo iliwapa walinzi muda wa kuwahesabu na kuwaua kabla ya kizazi kipya. Ndiyo maana mwaka 1949 iliundwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, yenye makao Abercorn, leo Mbala nchini Zambia.

Uvarov alieleza mabadiliko hayo bila kujua chanzo chake ndani ya mwili. Mwaka 1999 ilithibitishwa kuwa nzige wahamao weupe wa Okinawa, ambao weupe wao hurithiwa, wamekosa homoni ya korazonini. Walipodungwa homoni hiyo walipata rangi nyeusi. Mwaka 2009 serotonini ilitajwa kuwa kichocheo cha nzige wa jangwani kuanza kukusanyika. Kwa nzige hao wa jangwani, majike waliosongamana hutaga mayai machache zaidi lakini makubwa zaidi. Kwa hiyo msongamano haubadili jeni zenyewe. Hubadili zipi zifanye kazi, na kwa kiasi gani. Ingawa majaribio hayo hayakufanywa kwa nzige wa Rukwa, yanaipa hoja ya mwaka 1921 msingi wa kinasaba.

Jambo hilo lina uzito kwa sera. Kwa kuwa kila panzi wa kijani anayo tayari jeni za nzige wa kundi, baa haliwezi kufutwa moja kwa moja kwa kuangamiza makundi yanayoonekana. Mwaka huo huo wa 2009 nzige waliongezeka tena katika mbuga za Iku-Katavi, Rukwa na bonde la Malagarasi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilisaidia kunyunyizia dawa ya kuvu, Green Muscle, katika hekta zipatazo 10,000, na makundi yakazuiwa kabla ya kuyafikia mashamba.

Mafanikio ya aina hiyo huacha kumbukumbu chache vijijini, kwa sababu mkulima wa Mbeya au Iringa hakuona nzige. Hata hivyo, miaka tulivu ndiyo inayohitaji wapelelezi, mafuta ya magari na bajeti, kwa kuwa ndiyo miaka ambayo panzi wa kijani bado wanaweza kuhesabiwa.